Mstari wa Kitambaa cha Bluu

Hadija wangu,

Salamu nitakupa kesho kwa mdomo, pamoja na dua, kwa hiyo hapa naziruka. Umetoka kwenda kuwaaga wenzako kwenye robine ya maji, wadogo zako wamelala, na jua bado liko juu ya ziwa. Nimechukua daftari lako la mwaka jana, lile lenye kurasa zilizobaki nyuma, nimekaa mlangoni. Unisamehe mwandiko. Mi shule nilifika mwaka wa nne tu, halafu ikawa kukaanga mandazi na bibi yako kule Buyenzi, halafu nikaolewa, halafu ukaja wewe nikiwa na miaka kumi na sita. Tumekua pamoja, mimi na wewe. Kuna siku nadhani wewe ndiye uliyenilea.

Mambo ya sabuni, ya kufunga mlango, ya kutotembea ovyo baada ya magharibi, hayo unayajua, na Mama Furaha atakukumbusha mpaka uchoke. Nataka kukuambia jambo moja tu ambalo hulijui, na nataka ulijue kabla hujakaa nyumbani kwake Rumonge na kula ugali wake. Ni jambo la mihogo. Usicheke.

Juzi nilikusikia ukiongea na mwalimu wako aliyekuja kutupongeza kwa kufaulu konkuru, ule mtihani wa taifa. Ulimwambia, "Mama yangu ni mutu wa ukweli. Alisema ukweli mbele ya majirani wote, na hakuna aliyemulazimisha." Mi nikageuza uso nikajifanya napuliza moto, na moto wenyewe ulikuwa unawaka vizuri. Ule ukweli wangu, Hadija, ulikuwa nusu. Nusu nyingine ni hii.

Unajua tulivyofika Ruziba. Mjini kulikuwa kumechafuka, baba yako akasema bora sisi tukae huku kwenye shamba la marehemu mama yake, yeye abaki garaji Buyenzi na kuja siku za Ijumaa akipata njia. Mi jembe nilikuwa sijalishika. Siku ya kwanza nililima nikielekea mbele, nikawa nakanyaga nilipolima, na Mama Yusufu, jirani yetu wa upande wa barabara, akasimama pale na kucheka mpaka akashika kiuno. "Njooni muone! Mutoto wa Buyenzi anapiga pasi shamba!" Jina hilo lilinikaa mwaka mzima. Mama Pasi. Hata watoto walinisalimia hivyo.

Aliyenifundisha ni Mama Furaha. Alikuwa amevuka kutoka Uvira, Kongo, na watoto watatu na mzigo mmoja, na ndani ya mzigo ule, kati ya masufuria, alikuwa ameviringisha vijiti vya muhogo kwenye kitambaa chenye maji. Nilimuuliza kwa nini abebe miti wakati watu wanabeba nguo. Akasema, "Nguo watu watanipa. Muhogo wangu nani atanipa?" Alipewa kipande cha shamba nyuma ya kwetu. Yeye ndiye aliyenionyesha kukata kijiti chenye macho matano, kukilaza kidogo, kutokizika kama maiti. Alikuwa anakuja asubuhi, hanicheki, anashika jembe langu tu na kuligeuza mkononi mwangu. Kama leo tunakula tulichopanda, mkono wake umo. Hilo namshukuru Mungu kwanza, kisha yeye.

Sasa sikiliza. Hapa vijiti vya muhogo haviuzwi, unalijua hilo. Ukiombwa unatoa, na anayepewa haulizi vimetoka wapi. Kukataa ni aibu, kuuza ni aibu zaidi. Na mi tangu nifike nilikuwa mtu wa kuomba tu. Naomba vijiti, naomba jembe, naomba kuelekezwa. Halafu ule mwaka shangazi wa baba yako akatuma fungu kubwa kutoka Kirundo, juu ya lori la maharagwe. Vijiti vinene, virefu, fungu ambalo wanaume wawili walilishusha. Majani machache yaliyobaki yalikuwa na madoa ya njano na yamejikunja. Niliyaona. Nikasema moyoni, ah, ni mozaiki. Mozaiki ni ya hapa, kila shamba la Ruziba linayo, watu wanasema haijawahi kumunyima mutu chakula. Kwani wewe ulipokuwa mdogo hukuwahi kuona jani la muhogo lenye madoa? Tulikuwa tunalichuma na kulitwanga sombe vilevile.

Basi nikagawa. Hadija, hujui raha niliyoipata. Mama Pasi anagawa! Nilimpa Mama Yusufu, nikawapa nyumba nyingine tatu, nikawa nachagua vile vizuri vizuri nawapa watu na kubaki na vibaya mwenyewe. Mama Yusufu alivipokea kwa mikono miwili. Siku hiyo aliniita Mama Hadija, kwa mara ya kwanza.

Mvua ya pili ilipofika, mashamba yakaanza kujikunja. Majani yakawa madogo kama ngumi ya mtoto mchanga, miti ikagoma kurefuka. Haikuwa ile tuliyoizoea. Watu wakaogopa, na ukiogopa unatafuta mtu. Pale palikuwa na mtu mmoja aliyekuja na vijiti kutoka mbali, na kila mtu alimwona akivishusha. Wakasema ni ugonjwa wa Kongo. Mama Furaha alisema mara moja, pale kwenye robine, "Apana, ule wa kwetu naujua, hauko hivi." Nani amsikilize? Mama Yusufu alimjibu, "Kila mwizi anajua mukono wake." Na mimi nilikuwepo na ndoo yangu. Wakati ule, wallahi, sikuwa najua. Hata mimi nilidhani ni yeye, na nilikuwa namwonea huruma kama mtu mwema.

Ndipo akaja Madamu Esperansi, yule agronomu, mtaalamu wa kilimo, mwenye pikipiki. Unamkumbuka alivyotuambia? Alisema mozaiki ni jina moja lakini virusi vyake viko vingi. Kuna vile tulivyovizoea, vinachafua majani na kupunguza mavuno, lakini mti unaishi navyo. Na kuna vile vikali vinavyoshuka kutoka kaskazini, ambavyo vinanyonga mti usitoe kitu. Na vya aina mbili vikikutana ndani ya mti mmoja, alisema, hapo musingojee chochote. Mama Yusufu akamuuliza, "Kumbe virusi iko kama mafundi wa garaji, kila mutu na ukali wake?" Madamu akasema ndiyo, karibu hivyo, na ukitaka kujua ukali wa fundi usimwangalie usoni, angalia gari baada ya wiki mbili. Watu wakacheka. Inzi wale weupe wadogo chini ya majani ndio wanaoubeba ugonjwa kutoka shamba hadi shamba, alisema, lakini anayeubeba mbali zaidi ni mtu mwenye kijiti mkononi.

Akachagua shamba letu kwa sababu lina ukuta wa matete. Akaniagiza nimtafutie vijiti vya aina tatu zilizopo hapa, nipande mistari mitatu, kila mstari nifunge kitambaa cha rangi yake. Na akaniambia nisimwambie mtu ni za nani, hata yeye, mpaka siku ya kung'oa, ili jicho linalohesabu lisipendelee. Nikachana kanga ya zamani. Kijani nikafunga kwa muhogo wa Ruziba wa siku zote. Cheupe kwa vijiti vya Mama Furaha. Cha bluu kwa vyangu, vya Kirundo.

Na wewe ukawa karani wangu. Kila Jumamosi tunapita mti kwa mti, mi nasema namba, wewe unaandika. Moja ni jani safi. Mbili ni madoa kidogo. Tatu, limejikunja. Nne, limepungua nusu. Tano, mti umedumaa, hauna jani la kuliita jani. Nilizipenda Jumamosi zile kuliko siku zote za vita hii. Risasi zinalia upande wa Kanyosha, sisi tunabishana. "Mama, hiyo ni tatu!" "We, hiyo ni mbili na nusu." "Nusu haipo, Madamu amekataza!" Ulikuwa unanigombeza kama mwalimu, kalamu sikioni.

Wiki ya tano kijani kilikuwa mbili, mbili, moja, mbili. Cheupe mbili, mbili, tatu, mbili. Ulipofika kwenye bluu uliandika nne, nne, tano, nne, tano. Ukasimama. Ukaniuliza, "Mama, hii ya bluu ni ya nani?"

Nilikuambia sijui.

Nilijua, mwanangu. Nilijua palepale, kabla hujamaliza kuandika. Niliona ule mstari na nikaona mikono miwili ya Mama Yusufu ikipokea. Kanuni ya Madamu ilikuwa inaniruhusu kukuambia, "Siwezi kusema." Lingekuwa neno la kweli. Lakini nilisema sijui. Na wewe ukasema, "Itakuwa ya Mama Furaha tu," na mi nikainama nikaanza kung'oa majani ambayo hayakuwa na kosa.

Kilichofuata unakijua, ila unakijua vibaya. Ulikwenda kwenye robine ukawaambia wenzako kwamba tumehesabu, na mstari wa Mama Furaha ndio unaoua. Wenzako wakawaambia mama zao. Baada ya siku mbili watu saba wakaingia shamba la Mama Furaha na kung'oa kila mti, ile mihogo yake yenye madoa mawili matatu, mihogo iliyokuwa inaishi. Aliketi mbele ya nyumba na mtoto wake wa mwisho mgongoni. Hakulia. Aliwaambia tu, "Muache hata ule wa mwisho, wa mbegu." Hawakuacha. Mi nilisimama nyuma ya matete yetu. Niliona kila kitu kupitia matete.

Tangu siku ile nikawa nakutuma kwake na sombe, na unga, na mara moja ndagala wa ziwani. Ulidhani mama yako ana huruma. Nilikuwa naogopa. Nilijiambia nitasema wiki ijayo, nitasema baba yako akija, nitasema risasi zikitulia. Baba yako alikuja, akala, akalala, akaondoka, na hata yeye sikumwambia. Nilikuwa nafikiri, nikisema, nitarudi kuwa Mama Pasi, tena Mama Pasi aliyeua mashamba. Kugawa kwangu kulikuwa kosa la mtu asiyejua, na watu wangenisamehe lile. La kunyamaza nililiongeza mwenyewe juu yake, na usiku nikawa nakumbuka maneno ya Madamu kuhusu vile viwili vinavyokutana ndani ya mti mmoja. Miezi saba, Hadija. Kila Jumamosi nilitaja namba kwa sauti, tano, tano, tano, na wewe ukaandika kwa mwandiko wako mzuri.

Siku ya kung'oa ulikuwepo. Madamu aliwaita wote. Chini ya kijani tuling'oa mihogo minene kama mkono. Chini ya cheupe, kama kifundo cha mkono, watu wakasema si mbaya. Chini ya bluu, vizizi kama vidole, vingine kama kalamu. Watu wakaguna. Madamu akafungua daftari lako, akasoma namba zako, akauliza, "Sasa, bluu ilitoka wapi?" Na hakuna aliyeniangalia mimi. Wote waligeuka kumwangalia Mama Furaha, aliyekuwa amesimama mwisho karibu na njia, kama mtu anayejua pa kutokea. Na yeye aliniangalia mimi.

Hapo nikasema, "Ni yangu. Ya Kirundo. Niliigawa mimi. Nyeupe ndiyo yake."

Hilo ndilo ulilolisikia, na ndilo unalojivunia. Mama Yusufu akapiga mikono: "Mama weeee! Kumbe daktari ndiye mugonjwa!" Watu wakacheka kwa kukosa la kufanya. Kisha yeye huyohuyo, mwenye mdomo wake, akavuka shamba mpaka kwa Mama Furaha na kusema, akiangalia chini, "Na mi unipe vijiti vitatu, kama utapata." Hapa kwetu kuomba vijiti kwa uliyemkosea ni kuomba msamaha, kila mtu alielewa. Mama Furaha alisema, "Nitatoa wapi? Si mulining'olea vyote?" Halafu akacheka mwenyewe, akainama, akaanza kuvunja vijiti kwenye ule mstari mweupe. Madamu akanisifu mbele ya watu. Alisema ukweli wangu umeokoa mashamba ya Ruziba, maana sasa tunajua cha kuchoma na cha kupanda. Nikakubali sifa. Niliikubali kabisa, nikaenda nayo nyumbani.

Jioni ile ulilia. Ulisema, "Mama, mimi ndiye niliyesema kwenye robine. Ni mimi niliyefanya wamung'olee." Na kesho yake ulikwenda peke yako kumwomba Mama Furaha msamaha. Ulirudi umevimba macho lakini mwepesi. Uliniambia amekupakata kama mtoto mdogo. Na mi niliyekuangalia ukienda, nilikuacha uende. Ulibeba mzigo wangu kichwani ukaupeleka kwa mwenyewe, na mi nikabaki nasonga ugali.

Basi nakuambia leo: ule mzigo haukuwa wako. Neno lilitoka mdomoni mwako, lakini uongo nilikupa mimi. Ukikumbuka siku ya yale mashamba, usijikumbuke wewe. Nikumbuke mimi nyuma ya matete.

Na kuna hili, ambalo ndilo zito. Mama Furaha alipokuwa anahamia Rumonge kwa mume wake, aliyepata kazi ya kukamua mawese, nilimsindikiza mpaka barabarani. Tulikuwa wawili tu. Akaniambia, bila hasira, kama mtu anayezungumza habari za mvua: "Mama Hadija, muhogo wangu iko na vikonyo vyekundu. Mi naitambua hata kwa giza. Ile wiki ya tano nilipita hapo kwako kuomba moto, nikaona kitambaa cheupe."

Alijua. Miezi saba alijua, na alijua kwamba najua. Nikamuuliza kwa sauti ndogo kwa nini hakusema. Akasema, "Nikisema mi, watasema mukimbizi anajitetea, na kesho wataanza tena. Ukisema we, inaisha. Nilikuwa nakungojea tu. Ulichelewa, lakini ulifika." Basi la Rumonge likasimama. Na mi, Hadija, nilimwambia, "Safari njema, Mama Furaha."

Safari njema! Mwanamke aliyenifundisha kushika jembe. Aliyekula sombe ya woga wangu na kusema asante. Aliyempakata mwanangu akilia kwa kosa langu, na hakumwambia mtoto neno moja juu ya mama yake. Na mwaka huu, serikali ilipokupa nafasi ya shule Rumonge na internati, bweni la shule, ikawa imejaa, ni nani aliyetuma ujumbe kwa dereva wa basi? "Mwambie Mama Hadija mutoto alale kwangu." Hatukumwomba. Nilipoupata ujumbe nilikaa chini palepale uani. Nashukuru, nashukuru, sijui niseme mara ngapi. Nimepewa mtu ambaye sikumstahili, na sasa anampokea mtoto wangu.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na mpango. Nilitaka nikuombe umsomee barua hii, kwa kuwa yeye kusoma hakujaaliwa, na umwambie kwamba mama ameomba msamaha. Hapa mwishoni nimesoma nilichokiandika, nimejiona. Nakutuma tena. Nakupakia tena mzigo uleule kichwani, upeleke kwa mwenyewe.

Apana.

Tulikubaliana baba yako ndiye akusindikize. Akifika leo jioni nitamwambia abaki na wadogo zako. Ugali anaujua, wakilalamika watazoea. Mabasi ya Rumonge yanaondoka asubuhi yakifuatana na wanajeshi, nafasi itapatikana, na kama haipo nitasimama. Barua hii nitakupa tukishapanda, uisome nikiwa pembeni yako. Usiniangalie mpaka umalize. Ukimaliza, kama unataka kunikasirikia, una njia nzima ya kando ya ziwa ya kunikasirikia, na sitajitetea.

Tukifika kwa Mama Furaha, weka mzigo wako ndani, halafu utuache nje kidogo, mimi na yeye. Nina neno la kumwambia, na ninataka alisikie kwa sauti yangu.

Mama yako anayekushukuru.